Mdomo umekufa ganzi, jino je?

Jino linalowatoa jasho madaktari wa meno kuliko mengine yote ni gego la kwanza la chini ambalo kiini chake, yaani nyama laini yenye neva na damu ndani ya jino, kimevimba na bado kiko hai. Mwenye jino hilo hajalala siku mbili tatu. Chai ya moto inamrusha kitini. Wengine hufika kliniki na chupa ya maji baridi mkononi: wanapiga funda, wanalishikilia upande wa jino, maumivu yanatulia kidogo, kisha funda jingine. Mtu wa namna hiyo karibu ameshajipima mwenyewe. Kiini chake hakitapona tena, na kilichobaki ni kutibu mzizi (kutoa kiini na kusafisha ndani) au kung'oa.

Anachomwa sindano. Baada ya dakika tano mdomo na nusu ya ulimi vinakuwa vizito, anaulizwa kama amekufa ganzi, anaitikia kwa kichwa, mashine inaanza kuchonga. Tabaka gumu la juu linapita salama. Mashine ikiingia tabaka la pili, mgonjwa anaruka. Hapo ndipo husikika maneno "ni woga tu huo". Woga upo, lakini mara nyingi mgonjwa anasema kweli tupu: mdomo umekufa ganzi, jino halijafa.

Ganzi ya mdomo inathibitisha jambo moja tu, kwamba dawa imefika karibu na neva ya taya. Haithibitishi kwamba nyuzi zinazoingia ndani ya jino zimezimika. Kwenye tafiti za magego ya chini yenye kiini kilichovimba, sindano ya taya, ile inayochomwa nyuma ya taya kuizima neva yake, peke yake imekuwa ikishindwa mara nyingi kwa nusu ya wagonjwa au hata zaidi, ilhali midomo yao imekufa ganzi vizuri. Kwa hiyo daktari anayechoma mara moja na kuanza kuchonga anabahatisha kwa gharama ya mtu mwingine.

Sababu inayotajwa sana ni asidi. Lignokeini, dawa ya ganzi inayotumika sana, hupenya ukuta wa neva ikiwa haina chaji ya umeme, na mahali penye uvimbe pana asidi inayoifanya sehemu kubwa ya dawa ibaki na chaji, ikakwama nje. Maelezo hayo ni sahihi pale dawa inapomwagwa pembeni mwa jino lenyewe. Lakini sindano ya taya humwaga dawa nyuma kabisa, sentimita kadhaa kutoka kwenye jino, ambako hakuna uvimbe wowote, na bado inashindwa. Lazima kuna zaidi. Neva iliyokaa siku kadhaa ndani ya uvimbe hubadilika: huongeza aina ya milango ya sodiamu (vitundu vinavyopitisha ishara ya neva) ambayo lignokeini haiifungi vizuri, na kemikali za uvimbe zinakishusha kizingiti chake, yaani kiasi cha mguso kinachoiamsha, hadi mguso mdogo unapokelewa kama kisu. Ubongo nao, baada ya kupigiwa kelele usiku kucha, unaanza kuzikuza ishara ndogo. Ongeza kwamba magego ya chini ya baadhi ya watu hupokea kijineva cha ziada kutoka upande wa ulimi, ambacho sindano ya kawaida hukikosa.

Hata hivyo, kabla ya kuulaumu uvimbe, mkono wenyewe ukaguliwe kwanza. Mdomo ufunguliwe wazi kabisa. Kidole gumba kinatafuta bonde kwenye ukingo wa mbele wa mfupa wa taya unaopanda, ndani ya shavu nyuma ya gego la mwisho. Sindano ndefu ya geji 27 (kipimo cha unene) inaingia kati ya bonde hilo na mkunjo wa nyama unaoteremka kutoka nyuma ya kaakaa, milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa meno ya chini, bomba likiwa limelazwa juu ya magego madogo ya upande wa pili. Inaenda ndani milimita 20 hadi 25 mpaka ncha iguse mfupa. Inarudishwa milimita moja, pistoni inavutwa kidogo kuona kama damu inaingia, kisha dawa inasukumwa kwa muda usiopungua dakika moja kwa katriji, yaani kichupa kimoja cha dawa.

Anayegusa mfupa mapema, kabla hata nusu ya sindano haijaingia, yuko mbele mno. Arudishe kidogo bila kuichomoa, asogeze bomba mbele kuelekea chonge la upande wa pili, aingie tena. Asiyegusa mfupa kabisa yuko nyuma mno, na hapo asisukume hata tone. Mbele ya ncha yake kuna tezi ya mate na ndani yake inapita neva ya uso. Dawa ikimwagika humo, nusu ya uso inaporomoka na jicho linakataa kufumba kwa saa kadhaa. Hali hiyo hupita yenyewe, ila jicho lifunikwe na mgonjwa aelezwe, la sivyo atarudi nyumbani akiamini amepigwa kiharusi.

Sasa kuna kusubiri, na hapa ndipo kliniki zenye foleni ndefu zinapoharibu. Mdomo unaweza kufa ganzi ndani ya dakika tano hadi saba. Jino linahitaji dakika 10 hadi 15, na wapo wanaochelewa zaidi. Muda huo haupotei bure: kuna eksirei ya kuangalia, pazia la mpira la kuzungushia jino la kutayarisha, maelezo ya kumpa mgonjwa, hata mgonjwa mwingine wa kukagua kwenye kiti cha pili.

Baada ya kusubiri, jino lipimwe. Kipimo rahisi ni baridi. Kipande kidogo cha pamba kinapuliziwa dawa ya baridi, inayofika nyuzi 26 chini ya sifuri, kinabanwa kwa koleo na kuwekwa kwenye jino lililokaushwa. Pasipo dawa hiyo, barafu inatosha kwa kiasi fulani: jaza maji kwenye vifuniko vya sindano vilivyo safi, visimamishe kwenye friza, na kila kimoja kitakupa kijiti cha barafu chenye unene unaofaa. Ubaya wa barafu ni kuyeyuka. Mgonjwa amelala chali, maji yanatiririka kuelekea jino la nyuma, naye anajibu kwa niaba ya jino ambalo hukuligusa. Kwa sababu hiyo anza kupima jino la nyuma ndipo uje mbele, na kila jino likaushwe kwanza. Jino lipimwe kabla ya sindano na baada yake, maana jibu la pili bila la kwanza halina maana. Kipimo hiki nacho kina tundu. Gego lenye mizizi miwili au mitatu linaweza kuwa limekufa kwenye mfereji mmoja (njia ya kiini ndani ya mzizi) na liko hai kwenye mwingine, likanyamaza kwenye baridi kisha likapiga kelele faili, kile kijiti cha kusafishia mfereji, inapoingia. Na yule wa chupa ya maji, ambaye baridi inamtuliza, hawezi kupimwa kwa baridi. Huyo apimwe kwa kifaa cha umeme, au daktari aendelee polepole akijua hana uhakika.

Jino likijibu, isichomwe sindano ileile mahali palepale kwa matumaini. Kama mdomo haujafa ganzi kabisa, ndiyo, rudia, maana ulikosa shabaha. Kama mdomo umekufa ganzi, kuongeza dawa nyuma ya taya kunasaidia kidogo sana. Badilisha njia. Ninayoianzia kwa magego ya chini ni artikeini, dawa nyingine ya ganzi, ya asilimia 4, katriji moja, kwenye fizi ya upande wa shavu mkabala na jino lenyewe. Mfupa wa hapo ni mnene na lignokeini huupenya kwa shida, lakini artikeini hupita vizuri zaidi. Subiri dakika tano hadi kumi, pima tena.

Pasipo artikeini, au ikishindwa, dawa ipelekwe kwenye nafasi nyembamba kati ya mzizi na mfupa. Sindano fupi ya geji 30 inachomekwa pembeni mwa jino mpaka ikwame, kisha inasukumwa 0.2 ml tu kwa kila mzizi, taratibu, kwa sekunde kama ishirini. Alama za kufanikiwa ni mbili: mkono unahisi ukinzani mkubwa, na fizi inageuka nyeupe. Dawa ikienda kirahisi, ujue inamwagikia mdomoni. Ganzi yake huja karibu mara moja lakini haidumu, kwa hiyo mashine iwe tayari. Njia ya kutoboa mfupa na kuingiza dawa ndani yake ina nguvu zaidi, ila moyo unaenda mbio kwa dakika chache pale dawa inapokuwa na adrenalini (huongezwa ili ganzi idumu), na mgonjwa asiyeonywa huingiwa na hofu ya kufa. Mwenye matatizo ya moyo afanyiwe kwa dawa ya mepivakeini ya asilimia 3 isiyo na adrenalini.

Ya mwisho ni sindano ndani ya kiini chenyewe. Inafanya kazi karibu kila mara, na inauma. Hakuna namna ya kulificha hilo, na daktari anayesema "hutasikia kitu" anapoteza imani ya mgonjwa kwa siku nzima. Sema ukweli: utasikia mchomo mkali kwa sekunde mbili tatu, halafu kwisha. Kinachoizima neva hapa ni shinikizo kuliko dawa. Hata maji ya chumvi yakisukumwa kwa nguvu yanatia ganzi. Kwa hiyo tundu la kuingilia liwe dogo, litobolewe kwa kichonga duara chembamba, sindano ibane kama kizibo. Ukishafungua paa lote la jino ndipo ukumbuke sindano hii, shinikizo halitapatikana, na itabidi uingie mfereji mmoja mmoja huku mgonjwa akiumia kila mara. Ganzi hiyo hudumu kama dakika 15 hadi 20, zinazotosha kutoa nyama ya kiini yote na si zaidi.

Katriji zihesabiwe wakati wote huo. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita; katriji ya 1.8 ml ina miligramu 36, ya 2.2 ml ina 44. Kipimo cha tahadhari ni miligramu 4.4 kwa kilo moja ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 264, sawa na katriji saba ndogo au sita kubwa. Mtoto wa kilo 20 anaishia 88, katriji mbili tu, na watoto ndio hupitilizwa kwa urahisi. Artikeini ina miligramu 72 kwenye katriji ya 1.8 ml, mara mbili ya lignokeini, na ukichanganya dawa mbili zinahesabiwa pamoja. Masikio kuvuma, ladha ya chuma mdomoni, kuongea ovyo na misuli kutikisika ni dalili za dawa kuzidi kwenye damu: simamisha kila kitu, mpe oksijeni, ita msaada.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kinachoangaliwa ni adrenalini. Kwenye mchanganyiko wa 1:80,000, katriji ya 1.8 ml ina mikrogramu 22.5, na kikomo kinachofuatwa kwa watu hao ni mikrogramu 40. Yaani katriji moja na robo tatu hivi. Wapo wanaoikwepa adrenalini kabisa kwa kila mwenye presha, jambo ambalo naliona halijafikiriwa vizuri, kwa sababu mgonjwa anayeumia humwaga adrenalini yake mwenyewe. Bila adrenalini, lignokeini hulitia jino ganzi kwa dakika tano hadi kumi tu. Ile chupa ya lignokeini tupu inayotumika kushonea majeraha kwenye zahanati ni nzuri kwa kazi yake, lakini kutibia mzizi nayo ni kumtesa mtu.

Joto nalo lina lake. Katriji zenye adrenalini zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, na Dar es Salaam au Mombasa chumba kisicho na kiyoyozi kinapita hapo kwa miezi mingi ya mwaka. Adrenalini huharibika mapema kwa joto na mwanga; dawa iliyoanza kuwa na rangi ya manjano itupwe. Zikiwa zimetoka kwenye friji, ziachwe zipoteze baridi yake kabla ya kuchoma, kwa kuwa dawa baridi inauma ikiingia.

Kuhusu kuchoma bila kuumiza, sina mengi ya kuongeza kwa kile ambacho kila mwanafunzi amefundishwa na wengi wanakiacha. Kausha fizi kwa shashi ndipo upake jeli ya ganzi ya benzokeini ya asilimia 20, maana juu ya mate haishiki. Iache dakika moja hadi mbili. Vuta shavu likaze. Sukuma dawa polepole. Kwenye kaakaa, ambako sindano inauma kuliko kwingine kote, bana kwanza kwa mpini wa kioo mpaka nyama iwe nyeupe, choma pembeni mwa mpini huohuo, na 0.2 hadi 0.3 ml inatosha.

Meno ya juu kwa ujumla ni mepesi, kwa kuwa mfupa wake una vitundu vidogo vingi na dawa inapenya. Shida yake ni muda. Ganzi ya jino la juu huanza kuisha ndani ya saa moja, wakati mwingine kabla, na kutibu mizizi mitatu ya gego hupita hapo. Mgonjwa huanza kukunja vidole vya miguu katikati ya kazi. Ongeza nusu katriji kabla hajaanza kukunja.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia kabla hata ya kufika. Ibuprofeni miligramu 400 hadi 600, saa moja kabla ya miadi, huongeza uwezekano wa sindano ya taya kufanya kazi, kwa sababu inapunguza zile kemikali zinazoiamsha neva. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na aspirini, na wajawazito hasa wa miezi ya mwisho wasiitumie bila kuzungumza na daktari. Antibiotiki haimo kwenye orodha hii. Kila duka la dawa lina mtu anayenunua amoksilini kwa ajili ya jino linalomkosesha usingizi, na kwa kiini kilichovimba haipunguzi maumivu hata kidogo. Kazi yake ni pale maambukizi yanapoenea, kuna uvimbe unaotembea au homa. Na mgonjwa ale chakula kabla ya kuja, kama hakuna dawa ya usingizi itakayotumika. Wengi wanaozimia kitini hawakuzidiwa na dawa, bali walikuja na njaa na hofu. Mwezi wa Ramadhani, miadi ya baada ya kufuturu ni bora kwa jino lisilo la dharura. Akizimia, kiti kilazwe, miguu iinuliwe. Dakika moja mbili atafumbua macho.

Mkataba wa mkono ni wa lazima: akiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Unafaa tu ikiwa daktari anausimamia mara ya kwanza kabisa, kwa sababu mgonjwa huujaribu mapema kuona kama ni kweli. Aelezwe pia kwamba ganzi inaondoa maumivu lakini haiondoi msukumo, mtikisiko wala sauti. Asiyeelezwa hivyo husikia msukumo akautafsiri kuwa ni mwanzo wa maumivu. Kizuizi cha mpira kati ya meno ya upande wa pili kinapumzisha taya, na pazia la mpira linalozunguka jino, ambalo wengi hulichukia kwa dakika mbili za kwanza, huzuia maji na dawa kwenda kooni. Wakishalizoea baadhi yao husinzia. Mjamzito alazwe kwa kuegemea ubavu wa kushoto ili mtoto asibane mshipa mkubwa wa damu.

Jino lililokufa kabisa, lenye usaha, ni hadithi nyingine. Ndani hakuna cha kuuma, na wapo wanaolifungua bila ganzi. Sishauri. Kibanio cha pazia kinauma fizi, na faili ikipita ncha ya mzizi inagusa nyama hai. Kama kuna uvimbe, dawa isichomwe ndani ya jipu: haishiki, na shinikizo lake linauma vibaya. Choma mbali, kwenye neva inayolihudumia eneo hilo.

Kuna maumivu moja ambayo ganzi haiyazuii kila mara, nayo ni ya sodiamu haipokloraiti, dawa ya kusafishia mifereji, ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo. Ikivuka ncha ya mzizi, mgonjwa anapata maumivu makali ya ghafla hata akiwa amekufa ganzi, uso unavimba mbele ya macho yako, na baadaye anapata weusi wa kuvia damu. Hutokea sindano ya kusafishia ikikwama mfereji na mtu akaendelea kusukuma. Tumia sindano yenye tundu la pembeni, iishie milimita 2 kabla ya urefu wa kazi (urefu uliopimwa wa mfereji), iwe inacheza muda wote, na bomba lisukumwe kwa kidole cha shahada, kwa kuwa kidole gumba kina nguvu kupita kiasi.

Kukiwa kumejaribiwa yote na jino bado linajibu, kusimama si aibu. Kama paa la kiini limeshafunguliwa, kuondoa nyama ya juu pekee na kufunga kwa dawa kunampa usingizi wa usiku huo, na mizizi inasubiri miadi ijayo, kiini kikiwa kimetulia. Lignokeini yenyewe, aliyoitengeneza Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943 na ikaanza kuuzwa mwaka 1948, haijawahi kuwa dawa ya kila neva kwa kila hali.

Mdomo utabaki mzito saa tatu hadi tano. Hakuna chai ya moto wala kutafuna muda huo, na mtoto aangaliwe asijitafune mdomo. Akijitafuna, asubuhi yake huonekana kidonda cheupe ambacho wazazi hudhani ni maambukizi. Dozi ya kwanza ya kutuliza maumivu inywewe kabla ganzi haijaisha: ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu moja, kwa asiyekatazwa, inashinda vidonge vingi vikali. Jino kuuma likikutana na la juu yake kwa siku mbili tatu ni kawaida. Likigonga kabla ya mengine, arudi lipunguzwe urefu. Uvimbe unaoshuka kuelekea shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza mate, hayo yasisubiri miadi: aende hospitali usiku huohuo.